KUPAKA RANGI TRIPLEKSI NDANI YA REMORKI YA KULALA



Wote mumeona ile remorki iliyofungwa yenye kusimama nyuma ya atelie. Zamani ilibeba sementi na mifuko ya unga. Sasa tunaigeuza chumba cha kulala chenye magurudumu, kwa ajili ya dada zetu wa seksio ya pedagojia wanaokwenda staji katika shule za musingi za pande za Bunkeya, pahali ambapo hakuna nyumba ya kuwapokea. Vitanda vinne, kabati moja, madirisha mawili. Sisi finalisti wa seksio ya ujenzi tulipewa kuta za ndani na dari. Tangu hapo kila mutu anayepita anatuuliza: «Bayaya, ni rangi tu, juu ya nini munakawia hivi?» Somo hili ni jibu letu, na tunaomba musome mupaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe linagusa afya ya watu wanne.

Kwanza tuelewane. Ndani ya sanduku la mabati, rangi haiko kwanza kwa ajili ya macho. Iko kwa ajili ya maji na hewa. Mutu akisahau neno hilo atapaka vizuri pahali panapoonekana, na ataacha pahali panapooza.

Tripleksi ni nini? Katika kiwanda wanazungusha gogo mbele ya kisu kirefu, na kisu kinatoa ukurasa mwembamba wa muti, kama vile mutu anavyomenya chungwa bila kukata ganda. Kurasa hizo zinapakwa kole na kupangwa moja juu ya nyingine, nyuzi za hii zikienda kwa urefu, nyuzi za ile zikienda kwa upana. Kiisha zinabanwa kwa nguvu na kwa moto. Hesabu ya kurasa ni tatu, tano ao saba, ili pande mbili za inje ziwe na nguvu sawasawa. Sababu ya kuzipitanisha ni hii: muti ukinywa maji unavimba kwa upana, lakini kwa urefu wa nyuzi karibu hausogei. Basi kila ukurasa unamuzuiza mwenzake. Ni ndoa nzuri, lakini inasimama juu ya kole. Siku kole inalegea, kurasa zinaachana na ubao unaota matumbo.

Kuna kole za namna mbili za kukumbuka. Ya kwanza, ya ureya na formaldehidi, ni ya bei ndogo, lakini haipendi maji wala joto. Ya pili, ya fenoli na formaldehidi, inavumilia maji, na mara nyingi inaacha mistari ya kahawia ao nyeusi kwenye ukingo wa ubao. Kwa hiyo mukienda sokoni kununua tripleksi, musitazame uso tu, hata kama muuzaji anaupangusa mbele yenu kama kioo. Tazameni ukingo. Hili neno formaldehidi tutalirudilia.

Sasa maji yanatoka wapi, kama paa haivuji? Yanatoka kwa watu wenyewe. Katika hesabu za ujenzi, mutu anayelala anahesabiwa karibu gramu 40 za maji kwa saa moja, kwa pumzi na kwa ngozi. Watu wanne kwa saa 8: 4 × 40 × 8 = gramu 1280. Ni litri moja na robo na zaidi, kila usiku, ndani ya chumba chenye urefu wa meta 4, upana wa meta 2 na kimo cha meta 2. Wakati wa baridi, mwezi wa 6 na wa 7, mabati ya huku Katanga yanapoa sana usiku. Mvuke wa pumzi unapita katika nafasi za mbao, unakutana na bati baridi, na unageuka matone. Asubuhi matone hayo yanateremuka nyuma ya tripleksi mupaka chini, kwenye ukingo wa ubao. Na ukingo njo kinywa cha tripleksi. Hapo nyuzi zimekatwa, zinanyonya maji kama mirija, wakati uso wa ubao unayakataa kwa muda murefu zaidi.

Hapo palizuka mabishano katika komite ya kazi. Wengine walisema: «Nyuma ya ubao hakuna mutu atakayepaona, na rangi ni feza. Tupake mbele tu.» Tuliwapigia hesabu. Kuta na dari ni meta mraba 32. Tukitoa mulango na madirisha, zinabaki 28. Tripleksi mbichi inakunywa, kwa hiyo litri moja ya kushe ya kwanza inafika meta mraba 8 tu. Basi 28 : 8 = litri 3 na nusu kwa ajili ya mugongo wa mbao zote. Litri 3 na nusu! Kwa upande mwingine tulihesabu mbao 11 za sentimeta 122 kwa 244, ambazo zingeoza kwa chini na kutobolewa upya. Tena, ubao uliofungwa kwa rangi upande mumoja tu unakunywa unyevu kwa upande mwingine, unavimba upande huo na kujikunja. Mwalimu wa teknolojia aliunga mukono, na feza za ile rangi zilitoka. Tunasema wazi kwamba hiyo litri 3 na nusu ambayo hamutaiona ni rangi ya maana kupita yote iliyo ndani ya remorki.

Namna ya kuifanya ilitokana na neno lile lile. Tulikata mbao kwanza kwa vipimo vyao, na tundu za madirisha zikiwa tayari, tukaziweka juu ya mapipa chini ya hangari, inje, penye upepo. Kushe ya kwanza, ile ya mafuta, tulipaka huko: mbele, nyuma, na kingo zote nne mara mbili. Nyuma ya kukauka njo tuliingiza mbao ndani na kuzifunga kwa visi, si kwa misumari. Remorki inatikisika njiani, na musumari unatoka polepole. Pahali pa kila kisi tuligusa tena kwa brosi. Kati ya ubao na ubao tuliacha nafasi ya milimeta 2, ili mbao zipate pahali pa kuvimbia.

Mbele ya kupaka, kuna kazi ya papye-vere, ile karatasi yenye muchanga. Watoto wa darasa la kwanza walifikiri ni kazi ya adhabu. Hapana. Uso wa tripleksi una manyoya madogo yasiyoonekana. Yakipata unyevu yanasimama, na mukono unasikia kama ndevu za siku mbili. Unakwangua kwa papye-vere hesabu 120, ukifuata nyuzi, usizipite kwa mukato. Unapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kiisha kushe ya kwanza, unakwangua tena polepole na hesabu 180 ao 220. Uso ni mwembamba sana, pengine hata milimeta moja haifiki. Mutu mwenye nguvu nyingi atatoboa ukurasa wa kwanza na kukuta wa pili wenye nyuzi za kupitana. Kwa hiyo kazi hii tuliwapa wale wenye mukono mwepesi, na tunashuhudia kwamba wasichana wawili wa darasa la tano walitupita sisi wote.

Kama tripleksi ni ya pino, ina mafundo. Fundo linatoa utomvu, na utomvu unapenya rangi nyeupe na kuacha doa la manjano, hata kushe zikiwa tatu. Dawa yake ya zamani ni gomlaki iliyoyeyushwa katika alkoli, unagusa kila fundo mara mbili. Gomlaki inatoka kwa mududu mudogo wa Inchi ya Hindi anayekaa juu ya matawi ya miti. Wanafunzi wa biolojia wanaweza kuliandika hilo katika kayee yao. Tundu na nyufa zinajazwa mastiki kiisha kushe ya kwanza, si mbele. Ubao mukavu unanyonya mafuta ya mastiki, na mastiki inabaki unga na kudondoka.

Neno juu ya fremu ya chuma. Rangi nyekundu ya zamani juu ya chuma mara nyingi ilitengenezwa na minio, yaani oksidi ya risasi. Risasi inaharibu akili ya watoto, na vumbi lake linaingia kwa kinywa na kwa pua. Si habari mupya. Katika mwaka wa 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilifanya mapatano hesabu 13 huko Geneva juu ya rangi nyeupe ya risasi: kuikataza katika kupaka ndani ya majengo, isipokuwa pahali pachache, na kukataza vijana wa kiume wasiofika miaka 18 pamoja na wanawake wote kuitumia katika kazi za rangi za viwanda. Marekani ilikataza rangi za nyumba zenye risasi katika mwaka wa 1978. Kwa hiyo hatukukubali mutu akwangue fremu hiyo kikavu. Pale rangi ya zamani iliposhika vizuri tuliifunika tu. Pale ilipofunguka tuliiloanisha maji, tukaikwangua kwa kisu, tukaokota mabaki kwa gazeti na kuyazika mbali na kisima na bustani ya mboga. Nguo za kazi zilifuliwa mbali na nguo za interna.

Sasa kushe za juu. Wengi walitaka rangi ya mafuta yenye kungaa, kwa sababu inaoshwa vizuri. Tulichagua rangi ya maji kwa kushe mbili za ndani, na sababu yake ni ya kemia. Rangi ya maji inakauka maji yakiondoka: chembe ndogo za plastiki zinakaribiana na kushikana. Rangi ya mafuta kwanza inapoteza diluan, na hapo harufu inajaa. Kiisha mafuta yenyewe yanakamata oksijeni ya hewa na kuwa magumu. Kazi hii ya pili inaendelea siku nyingi nyuma ya kidole kusema «imekauka». Ndani ya sanduku la meta kibo 16, diluan inapiga kichwa cha mupakaji na inaweza kushika moto. Njo maana kushe ya mafuta ilifanyika inje, na ndani tulileta rangi ya maji peke yake. Litri 5 na nusu hivi zilitosha kwa kushe mbili. Dari ni nyeupe, kuta ni za krimu. Dada zetu walitaka bluu ya mbingu, na tuliwapa kwenye mulango wa kabati.

Vitambaa vilivyopangusa rangi ya mafuta, zaidi vyenye mafuta ya lini, musivikunje na kuvitupa pembeni ya atelie. Mafuta yakikamata oksijeni yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalifunga ndani, na joto linapanda mupaka kitambaa kinawaka chenyewe, bila kiberiti. Vianikeni kimoja kimoja inje, ao viwekeni katika ndoo ya maji.

Tunafika penye neno gumu. Kuna inchi ambako watu wana mazoea ya nyumba za magurudumu: Marekani. Huko mutu ananunua remorki iliyofungwa ya kubeba mizigo, anaivalisha tripleksi ndani, anapaka rangi, anaweka kitanda, na anasafiri nayo. Na huko walijifunza jambo kwa uchungu. Mwezi wa 8 wa mwaka 2005 tufani Katrina ilibomoa majumba mengi ya Louisiana na Mississippi. Serikali iliwapa watu remorki za kulala, nyingi zikiwa zimejaa ndani mbao za kole. Watu walianza kulia macho, kukohoa, kuumwa kichwa. Tangu mwezi wa 12 wa 2007 mupaka mwezi wa 1 wa 2008, wataalamu wa afya wa serikali walipima hewa ya remorki na nyumba 519 za namna hiyo. Kwa wastani walikuta sehemu 77 za formaldehidi kwa bilioni moja za hewa, na hiyo ilikuwa wakati wa baridi. Joto linaifukuza gesi hiyo itoke zaidi. Shirika la Afya Duniani linaweka mupaka karibu na 80, hata kwa nusu saa tu, na huu ulikuwa wastani: katika remorki nyingine hewa ilikuwa mbaya kupita. Tangu mwaka wa 2004 watafiti wa kansa wa shirika hilo wanaihesabu formaldehidi kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa mutu. Marekani iliweka sheria juu ya mbao za kole katika mwaka wa 2010.

Rangi inasaidia hapo? Inasaidia nusu. Kushe nzima, zaidi kwenye kingo, inachelewesha gesi isitoke upesi, lakini haiiondoi. Kinachoiondoa ni hewa inayopita. Kwa hiyo tulitoboa matundu mawili chini karibu na mulango na mawili juu upande wa pili, tukayawekea wavu wa kuzuiza mbu. Tuliandika kwa rangi nyekundu chini ya kila tundu: USIZIBE. Tunajua tabia ya interna, mutu akisikia baridi anatafuta kitambaa.

Na tena, mbabula isiingie humo. Hata kwa dakika kumi. Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Makaa yanatoa oksidi ya kaboni isiyo na harufu, na katika chumba kidogo hivi watu wanne wanalala na hawaamki. Kuna mwenzetu aliyeshauri tuwashe mbabula ndani usiku ili rangi ikauke upesi. Tulimukatalia mara moja, sababu leo inakausha rangi, kesho mutu ataikumbuka kwa baridi ya miguu.

Kushe ya mwisho ilimalizika siku ya tano, na safari ilipangwa siku ya kwanza ya juma lililofuata. Sisi ambao ni makapita wa interna tulimuandikia Bwana Prefe barua, tukiomba remorki ikae siku 10 milango wazi mbele ya mutu kulala humo. Dada zetu hawakufurahi. Mumoja alituambia usoni: «Bayaya, staji iko na points. Tukikosa juma moja, ni ninyi mutatupa?» Alisema kweli, na hatukuwa na points za kumupa. Lakini rangi hairudishwi nyuma na barua, wala mapafu. Bwana Prefe aliita pande mbili katika biro yake, akasikiliza kila mutu, akaamua hivi: juma la kwanza la staji litafanyika katika shule za musingi za karibu, na jioni dada wanarudi interna, remorki itaondoka nyuma ya siku 10, kama harufu imepungua. Mwenye kupima harufu hatakuwa mumoja wetu, kwa sababu pua yetu imezoea. Ni mama wa interna atakayeingia asubuhi, milango ikiwa imefungwa usiku kucha.

Kwa siku zinazobaki, darasa la tano la ujenzi watafungua mulango na madirisha saa 12 ya asubuhi, na watayafunga saa 12 ya jioni, ao mvua ikija. Usiku tunafunga kwa sababu ya wezi, lakini matundu yanabaki wazi. Kama kidole kinashikamana na ukuta hata siku ya sita, mutujulishe, na musibandike kalenda juu yake. Litri moja ya rangi ya maji imebaki, iko katika depo, kopo limegeuzwa kichwa chini ili hewa isiingie. Ni ya kurudilia kingo za chini nyuma ya safari ya kwanza, na mwenye ufunguo wa depo asiitoe kwa kazi nyingine.